Mwanangu, kuhusu yule DJ wa Madagaska

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona tangu jana nikasema hii siijibu kwa voisi, nitaongea mpaka bando liishe, ngoja nikae niandike. Unasema wenzio wanakusukuma uchukue fomu kwenye huo uchaguzi mdogo wa diwani hapo kwenye kata yenu, eti kila shoo unayoandaa watu wanajaa, jina unalo, watoto wa mtaani wote wanakujua, na mfano wanaokupa ni Andry Rajoelina wa Madagaska, kwamba naye alikuwa DJ tu akapanda mpaka ikulu. Afu unaniuliza, "mama kwani uongo?"

Sio uongo baba. Ila mimi huyo mtu nimemfuatilia kwenye redio toka 2009, kwa hiyo ngoja nikupe mkanda wote, wewe mwenyewe utapima.

Kwanza hilo la "DJ tu". Kazaliwa Antsirabe 1974, baba yake kanali wa jeshi, kwao hakukuwa na njaa. Chuo hakwenda, akaingia kwenye muziki, anapiga klabu za Antananarivo, halafu akawa promota wa matamasha makubwa kabisa, na 1999 akafungua kampuni ya kuchapa mabango ya matangazo, Injet, na hapo ndo hela ilipo maana kila anayetaka kuonekana mjini lazima apite kwake. 2007 akawa na tivii na redio yake, Viva. Sasa hesabu mwenyewe: jukwaa analo, mabango anayo, tivii anayo. Wenzio wamekutajia spika na mashine ya diski tu hayo mengine wakaruka.

Desemba 2007 akagombea umeya wa Antananarivo, kikundi chake kinaitwa TGV, herufi zilezile za treni ya kasi ya Wafaransa, na yeye wakambatiza hivyohivyo. Akapata kama asilimia 63 akamwangusha mtu wa chama cha rais. Rais wakati huo alikuwa Marc Ravalomanana, na yule naye alikuwa mfanyabiashara, alianza kwa kuuza mtindi mpaka akawa na kampuni ya Tiko, akawa meya wa jiji hilohilo, akaingia ikulu 2002 baada ya ugomvi mkubwa wa matokeo na Didier Ratsiraka, rais aliyekuwepo. Kwa hiyo njia ya kutoka umeya kwenda ikulu Rajoelina hakuigundua yeye, aliikuta imeshachongwa na huyohuyo aliyekuja kumtoa.

Hapa nisikilize vizuri maana ndo nilipotaka kufika. Anaingia ofisi ya meya Januari 2008 anakuta jiji lina madeni mpaka shingoni, wanadaiwa na JIRAMA, hilo ni shirika lao la maji na umeme, mabomba ya umma yamekatiwa maji na taa za barabarani zimezimwa. Yani kazi yake ya kwanza kabisa kwenye siasa ilikuwa bili ya maji. Ungedhani mtu aliyeanzia hapo angeishi na hilo somo maisha yake yote. Subiri.

2008 yote wakawa wanavutana na rais. Ravalomanana naye alikuwa anajichimbia mwenyewe, akanunua ndege ya pili ya rais ya dola milioni 60 nchi ikiwa kwenye dhiki, ikavuja habari kampuni ya Daewoo ya Korea Kusini inataka kukodishwa hekta milioni 1.3 za ardhi kwa miaka 99, na Desemba akaifunga Viva kwa kuwa ilirusha mahojiano ya Ratsiraka aliyekuwa uhamishoni. Kumfungia promota tivii yake! Ulikuwa unampa tangazo la bure. Januari 2009 uwanja wa 13 Mei pale katikati ya jiji unajaa kila siku, moto, uporaji, watu wanakufa, na tarehe 7 Februari waandamanaji wakaelekezwa kwenye ikulu ya Ambohitsorohitra, walinzi wakafyatua risasi, wakafa watu wasiopungua 28. Wale mwanangu walitoka kwenye mkutano wa Rajoelina, wakaambiwa twendeni. Risasi hakupiga yeye, lakini mimi nikiwaza habari za kujaza watu huwa nawaza na hao.

Machi kikosi kimoja kinaitwa CAPSAT, cha mambo ya utawala na vifaa vya jeshi, kikaasi. Tarehe 17 Machi Ravalomanana akawaachia madaraka maofisa wa juu wa jeshi na wao siku hiyohiyo wakampa Rajoelina. Ana miaka 34, katiba yao inataka rais awe na 40. Akaapishwa kwenye uwanja wa michezo wa Mahamasina. Ni miezi kumi na tano tu tangu auchukue umeya, na hiyo ndo sehemu wanayokusimulia wenzio, wanaishia hapo, makofi.

Kilichofuata hakina muziki. Umoja wa Afrika na SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakaisimamisha nchi, wafadhili wakafunga mfuko, Marekani ikawatoa kwenye ule mpango wa AGOA wa kuuza bidhaa kule bila ushuru na viwanda vya nguo vikapunguza watu, misitu ya kaskazini mashariki ikavamiwa miti ya thamani inaondoka kwa meli. Miaka karibu mitano ya "mpito". Na sisi Tanzania tuliingia humo, Kikwete ndo alikuwa anaongoza kamati ya SADC ya siasa na ulinzi, Desemba 2012 ukafanyika mkutano Dar, ukaletwa mpango kwamba hawa mafahali wawili wote wasigombee. Ravalomanana akakubali, Rajoelina akakubali Januari 2013, tukashukuru. Miezi michache tu mke wa Ravalomanana akachukua fomu, Rajoelina akasema kama ni hivyo na mimi nimo, mpaka mahakama ya uchaguzi ikawakata wote pamoja na Ratsiraka. Baba yako alicheka hiyo siku mpaka akapaliwa.

Rajoelina akakaa pembeni kidogo, 2018 akarudi kwa kura, akamshinda Ravalomanana raundi ya pili kwa asilimia 55.66. Safari hii halali, hakuna wa kumwita mpindua nchi. Ndo hapo nilikuwa namwangalia kwa makini, nikajiuliza promota akipewa nchi kwa amani anafanya nini? Akafanya shoo. Uwanja wa Mahamasina ukajengwa upya, jengo kama kiwanja cha Warumi likasimamishwa ndani ya eneo la ikulu ya kale ya malkia mpaka wenye mila wakalia, mpango wa jiji jipya, na vile vibanda vya kuning'inia kwenye waya vinavyopita juu ya Antananarivo, vya mkopo wa Ufaransa. 2020 akazindua ile Covid-Organics, dawa ya miti shamba ya korona, akainywa mbele ya kamera, na sisi huku tukatuma ndege, waziri Kabudi mwenyewe akaenda kuipokea, unakumbuka? Shirika la Afya Duniani lilikuwa linasema hakuna ushahidi inatibu. Mimi sisemi miti shamba haina dawa, bibi yako alitulea nayo, ila dawa inapimwa kwanza halafu ndo inazinduliwa, yeye kwake uzinduzi ndo kipimo.

2023 ikagundulika alichukua uraia wa Ufaransa toka 2014 kimyakimya. Wapinzani wengi wakagomea kampeni, kura hata nusu ya waliojiandikisha hawakutokea, akashinda kwa asilimia 58.96. Na wakati wote huo JIRAMA iko palepale, umeme unakatika masaa na masaa, wanawake wamepanga foleni na madumu ya njano usiku. Wewe umekua na hiyo hali ya mgao, huhitaji kuelezwa.

Septemba 2025 madiwani wawili wa jiji hilo wakataka kuandaa maandamano ya amani kuhusu maji na umeme wakakamatwa. Madiwani, mwanangu, ndo hicho cheo unachokitaka wewe. Tarehe 25 vijana wakatoka mabarabarani, wengi walikuwa watoto wadogo 2009 au hawajazaliwa, hawamjui kama DJ wala nini. Vituo vya vile vibanda vya waya vikachomwa siku ya kwanzakwanza. Umoja wa Mataifa ukasema wamekufa watu wasiopungua 22, serikali ikabisha hesabu. Rajoelina akavunja baraza la mawaziri, akamleta jenerali kuwa waziri mkuu, haikusaidia. Tarehe 11 Oktoba CAPSAT wakajiunga na waandamanaji, ndio, CAPSAT walewale wa 2009, siku chache yeye keshatoka nchini, bunge likamwondoa tarehe 14 na kanali Michael Randrianirina akachukua nchi. Na jua wakati huo Rajoelina ndo alikuwa mwenyekiti wa SADC, wakubwa wote walikuwa kwake Agosti kwenye mkutano. Baadae mwezi huohuo wakamfutia na uraia wa Madagaska kwa sababu ya ule wa Ufaransa.

Watu wanasema Mungu kamlipa, CAPSAT ilimleta CAPSAT ikamtoa. Mimi hiyo siichukui, inapendeza mdomoni tu. Ninachokiona ni kwamba alikuwa na kipaji kimoja kikubwa sana, kukusanya watu na kuwafanya waone kitu kikubwa kinakuja, na kila cheo alichopewa alikitumia kipaji hichohicho. Bomba la maji halina uzinduzi baba. Ni pampu, ni mafuta ya jenereta, ni deni la miaka, ni fundi anayefukua barabara saa nane za usiku, hakuna anayekupigia makofi, na ukiacha mwaka mmoja unaona hakuna tofauti, ukiacha kumi watu wako barabarani. Alianza na bili ya JIRAMA akamalizwa na JIRAMA na hapo katikati kulikuwa na miaka kumi na saba.

Usiseme mama kakukataza. Kuandaa shoo ni kazi ngumu, najua unavyopanga magari na walinzi na vibali vya polisi, hiyo ni akili ya utawala na madiwani wengi hawana. Ila hao wanaokusukuma muulize kila mmoja anataka nini wewe ukishapata, maana Rajoelina naye nyuma yake walikuwepo waliotoa hela.

Na kabla ya fomu fanya hivi. Nenda ofisi ya kata, mtafute mtendaji, omba ukae nyuma kwenye kikao cha maendeleo ya kata hata kimoja, usiongee, usipige picha. Ujue kile kisima cha kule juu kinaendeshwa na jumuiya gani ya watumia maji, bili ya umeme wa pampu wanalipa shilingi ngapi kwa mwezi na wanadaiwa kiasi gani, na halmashauri mwaka huu imewatengea nini kwenye mapato yake ya ndani. Niandikie hizo namba hapa hapa, usinitumie voisi. Zikifika hela ya fomu natoa mimi, na baba yako keshasema atakupa ya mafuta ya pikipiki.

Mama yako