Kabla Hujaandika Kwamba Mchezo wa Pili Umeushinda wa Kwanza

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Likoni ambaye amesoma ulinganishi wangu wa michezo ya video ya Assassin's Creed na Assassin's Creed II, na sasa anataka kuandika wake. "Assalam aleykum, kaka," aliandika. "Nataka kulinganisha God of War ya mwaka 2018 na muendelezo wake, Ragnarök. Nianzie wapi, na nifanye nini ili watu wasinitukane?" Swali la pili halihitaji makala, kwa sababu jibu lake ni kwamba watakutukana tu. La kwanza nimekuwa nikilifikiria tangu siku ile, na kwa kuwa najua kwamba wengi wenu mnaosoma hapa mna rasimu mliyoiacha njiani, nimeona afadhali nilijibu hadharani.

Nianze na jambo ambalo kila anayeniuliza hulipokea kwa kukunja uso. Ucheze mchezo wa kwanza upya, tangu mwanzo hadi mwisho, kabla hujaugusa wa pili. Kutazama mtu mwingine akiucheza mtandaoni hakutoshi, wala kurudia ile sehemu moja uliyoipenda. Nilipoamua kuandika, kila mtu niliyemjua alikuwa na hukumu yake tayari, na hukumu hizo zote zilitoka katika kibanda kimoja cha gemu huko Bondeni, ambako wateja wengi walikuja kwa ajili ya soka na kulipia mechi moja moja, huku sisi wachache tuliotaka kisa kirefu tukilipia kwa saa na kuvumilia makelele ya waliosubiri zamu. Mchezo uliochezwa namna hiyo haubaki kichwani. Kinachobaki ni vicheko, na kicheko kikubwa kuliko vyote kilimhusu Altaïr, shujaa wa mchezo wa kwanza, ambaye hajui kuogelea. Huyu ni mtu anayepanda mnara wowote kwa vidole, anayejirusha kutoka juu kabisa akaangukia rundo la nyasi na kuinuka mzima, lakini akitumbukia majini amekwisha. Kwa watoto waliozoea kupiga mbizi Mji wa Kale, chini ya kuta za Fort Jesus, hiyo ilikuwa fedheha isiyosameheka. "Mleteni kwetu afunzwe na wadogo zangu," mmoja wetu alisema, na msemo huo ukawa ndio uhakiki wa kibanda kizima.

Basi niliazima mashine na diski, nikasubiri kila usiku mama amalize tamthilia yake ili runinga iwe huru, nikaucheza wote. Tokeni za umeme nilizinunua mwenyewe, ingawa mama hakubaliani nami juu ya jambo hilo mpaka leo.

Mchezo wa kwanza ulitoka Novemba 2007, umetengenezwa na studio ya Ubisoft ya Montreal, Kanada. Kisa chake kimewekwa mwaka 1191, wakati wa Vita vya Tatu vya Msalaba, katika miji ya Damascus, Acre na Jerusalem. Altaïr anavunja kanuni za kundi lake la wauaji wa siri, anashushwa cheo hadi kuwa mwanagenzi, kisha anatumwa kuwaua watu tisa ili ajirudishie heshima. Kabla ya kila mauaji lazima uchunguze: unakaa kwenye benchi kusikiliza mazungumzo ya watu, unachomoa barua mfukoni mwa mpita njia, unamfuata mhubiri wa hadhara hadi kichochoroni na kumpiga mpaka aseme. Ukishakusanya ya kutosha, unakwenda kwa msimamizi wa kundi katika mji huo, naye anakupa unyoya mweupe ambao utaurudisha ukiwa na damu ya uliyemuua. Lawama zilizoelekezwa kwa mchezo huu zilikuwa za haki, na mtu asikudanganye kwamba zilikuwa chuki. Uchunguzi ni uleule mji baada ya mji. Kuna bendera 420 zilizotawanywa kila mahali, na ukizikusanya zote hupati chochote cha maana. Kuna wanawake ombaomba wanaokuzibia njia wakikulilia uwape sarafu, nawe huna la kuwapa, kwa sababu mchezo wenyewe hauna fedha ndani yake hata senti moja.

Wa pili ulitoka Novemba 2009, na mtu akiucheza mara tu baada ya kuumaliza wa kwanza, kama nilivyofanya, ataona jinsi watengenezaji walivyokaa na orodha ya lawama na kuzijibu karibu moja baada ya nyingine. Shujaa wake, Ezio Auditore, anaishi Italia, kuanzia Florence mwaka 1476 hadi Roma mwaka 1499. (Msomaji wa Mombasa ataikumbuka miaka hiyo kwa sababu nyingine, maana Vasco da Gama alifika bandari yetu mwaka 1498.) Sasa fedha zipo, pamoja na maduka ya silaha, matabibu, washonaji, na makao ya familia kule Monteriggioni ambayo unayakarabati kidogo kidogo hadi yaanze kukuingizia mapato. Ombaomba wameondolewa na mahali pao pamechukuliwa na waimbaji wa mitaani, wasumbufu vilevile, ila hawa unaweza kuwarushia sarafu wakakuachia njia. Bendera zimepisha manyoya 100, nayo yana sababu ya kukusanywa, kwa kuwa mdogo wake Ezio aliyenyongwa alikuwa akiyakusanya na mama yao amenyamaza kwa msiba. Leonardo da Vinci anamtengenezea Ezio silaha. Na Ezio anaogelea, tena vizuri, kwa sababu Venice haipitiki bila hivyo.

Hapa ndipo walinganishi wengi huweka kalamu chini. Wameorodhesha yaliyoongezwa, wakatangaza mshindi, wakaenda kulala. Orodha ya nyongeza ni kama risiti ya dukani: inakuonyesha kilichonunuliwa, haikuonyeshi kilichopikwa. Ushauri wangu wa pili, na ndio ninaouthamini zaidi, ni kwamba ujiulize mchezo wa pili umeacha kukudai nini. Kila kero iliyoondolewa ilikuwa ikikulazimisha kufanya jambo fulani kwa mikono yako na kwa akili yako. Pengine jambo hilo lilikuwa halina thamani, kama zile bendera. Pengine lilikuwa ndilo uti wa mgongo wa mchezo.

Chukua maji. Mmoja wa watu tisa katika mchezo wa kwanza ni Sibrand, mkuu wa mashujaa wa Kijerumani huko Acre, ambaye ameingiwa na hofu kiasi cha kujificha ndani ya jahazi bandarini. Ili umfikie unaruka kutoka nguzo hadi nguzo, kutoka mashua hadi mashua, huku walinzi wakikutazama, na hatua moja ikikosea unazama na kuanza upya. Niliporudia sehemu hiyo usiku ule sikucheka hata kidogo. Bandari ile inatisha kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mtu wako hajui kuogelea. Mpe Altaïr ujuzi wa Ezio na sehemu nzima inavunjika, kwa maana utajitupa majini, utaogelea chini ya jahazi, utapanda upande wa pili na kumaliza kazi kabla Sibrand hajageuza shingo. Katika mchezo wa pili maji ni maficho, ni njia ya mkato, ni mahali pa kupumulia unapofukuzwa. Hayo ni mazuri, na Venice imejengwa juu yake. Hata hivyo, katika mchezo wote wa pili sikupata bandari iliyonifanya nihesabu hatua zangu kama ile ya Acre.

Hali ni hiyohiyo kwa uchunguzi. Katika mchezo wa kwanza watoa habari huzungumza kama watu wanaomwelekeza mgeni: upande gani wa soko, walinzi husimama wapi, mlengwa hutoka kwa ajili ya shughuli gani. Ukizima alama zote za kwenye skrini, maneno hayo bado yanakufikisha. Katika wa pili, mara nyingi alama ndiyo inayokufikisha, na ukiizima unabaki unazunguka mitaa ya Florence, ambayo kwa kweli inapendeza kuzunguka, bila kujua uendako. Kwa hiyo niliandika, na bado nasimamia, kwamba mchezo wa pili ni bora kwa kisa, kwa wahusika na kwa raha ya safari, kwa tofauti kubwa, lakini katika kazi yenyewe ya kumwendea mtu mmoja na kumuua, ile ambayo mfululizo huu umepata jina lake, wa kwanza unakudai zaidi na unakulipa zaidi.

Makala hayo niliyapeleka kwanza kwa mhariri wa chombo kimoja ambacho sitakitaja. Aliyachapisha. Aya za maji na za uchunguzi alizikata zote, akabakisha orodha ya yaliyoongezwa, kisha chini kabisa akaweka alama ambazo sikuzitoa mimi: tisa kwa wa pili, saba kwa wa kwanza. Nilipompigia simu kwa adabu zote, alinieleza kwamba msomaji wa Kiswahili anataka kujua anunue au asinunue, na kwamba uchambuzi wa namna ile una lugha yake. Nimejaribu kuyasahau maneno hayo na nimeshindwa, na sioni haya kusema hivyo. Niliyaweka makala kamili hapa mwenyewe. Aya ya Sibrand ndiyo ambayo watu huninukulia mpaka leo, wakiwemo wasiojua kwamba mimi ndiye niliyeiandika, na mwaka huu ofisi ileile imeniandikia kuniomba ulinganishi mwingine. Nimewajibu kwamba nitaandika kwa sharti kwamba haikatwi hata sentensi moja. Bado nasubiri jibu, na sina haraka.

Jambo dogo ambalo wengi hulipuuza ni toleo. Mchezo wa pili ulipotoka 2009, kisa chake kiliruka kutoka sura ya 11 hadi ya 14, na sura mbili za katikati ziliuzwa baadaye, mwaka 2010, kama nyongeza. Mwaka 2016 ulitolewa tena ndani ya The Ezio Collection, ukiwa umesafishwa picha na kurudishiwa sura hizo, ilhali mchezo wa kwanza haukuwemo katika mkusanyiko huo. Aliyeucheza wa pili katika mkusanyiko na wa kwanza katika diski ya zamani analinganisha miaka tisa ya usafishaji, hasa akianza kusifu mwanga na nyuso za watu. Tena, toleo la kompyuta la mwaka 2010 lilidai intaneti muda wote hata kwa mtu anayecheza peke yake, sharti lililolegezwa baadaye, kwa hiyo aliyelicheza wakati ule na aliyelicheza leo wana hasira tofauti. Andika toleo ulilocheza katika aya ya kwanza. Asiyetaka kuandika hivyo huwa ana sababu.

Na ucheze wa kwanza upya. Nimekwisha kusema, nami nalirudia kwa kuwa najua mnatafuta njia ya kulikwepa. Vijana wa siku hizi mnataka maoni kabla ya kazi. Mnaona picha mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu, mnapata la kusema, na jioni hiyohiyo mmelichapisha. Mtu aliyefanya kazi ya miaka miwili kutengeneza muendelezo anastahili angalau usingizi wako wa siku chache. Acheni pia kuazima hukumu za wahakiki wa Marekani na Uingereza na kuzitafsiri. Wao hawakukulia ufukweni, na ndiyo maana wengi wao walilitaja suala la kuogelea kwa mstari mmoja wa mzaha na kupita. Mtoto wa Mombasa anayejua maji ya kina yakoje usiku ana jambo la kusema kuhusu bandari ya Acre, na akilisema kwa Kiswahili safi, pasipo kuweka alama juu ya kumi, atasomwa. Mimi nasomwa.

Sasa God of War, kijana wangu. Wa mwaka 2018 ulilaumiwa kwa kurudiarudia majitu yaleyale kama maadui wakubwa, na Ragnarök ya mwaka 2022 ilijibu kwa kuongeza aina za maadui. Hilo kila mtu ataliandika, kwa hiyo liandike kwa sentensi moja. Wa kwanza ulikupitisha katika himaya sita kati ya tisa za hadithi za kale za Skandinavia na wa pili umefungua zote, nalo pia ni la sentensi moja. Kisha tulia kwenye ziwa liitwalo Lake of Nine. Katika mchezo wa kwanza ulilivuka kwa mashua, na Mimir, kile kichwa kinachosema unachosafiri nacho, alisimulia visa vyake mkiwa juu ya maji, hata ukawa unapunguza mwendo ili kisa kiishe kabla hamjafika nchi kavu. Katika wa pili ziwa limeganda kwa Fimbulwinter, yaani baridi kuu inayotangulia mwisho wa dunia, na unavutwa na mbwamwitu juu ya barafu. Pima mwenyewe kama bado unapunguza mwendo. Zingatia pia mafumbo, kwa maana katika Ragnarök wenzako hukutajia jibu upesi mno, mara nyingine kabla hujamaliza kutazama chumba. Andika ni wapi katika mchezo wa kwanza uliachwa ukafikiri peke yako, na ulikwama kwenye nini. Hayo ukiwa nayo karatasini, nitumie rasimu nami nitaisoma, ila uniambie kwanza umecheza kwenye mashine gani.