Kambare wa tangini hashibi utando wa kioo peke yake

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kwa nini kambare wako mnyonya kioo amekonda ilhali tangi linang'aa. Sababu ndiyo hiyo: utando wa kijani ameumaliza, sasa ana njaa. Mpe mboga. Chukua vipande vya boga changa au majani ya mchicha, vitokose dakika moja tu vilegee, vipoe, kisha vifunge kwenye kijiwe vizame. Tango hata bichi atalila. Weka usiku ukishazima taa, maana huyu hula gizani. Asubuhi toa mabaki, maji yasiharibike.

Na nakusihi sana, akikua akalizidi tangi, usimwachie Ziwa Tanganyika. Asili yake Amerika Kusini, na ziwa letu lina samaki wasiopatikana kwingine duniani.