Skwota wa Pwani hakuanza jana

Mmeuliza wiki hii ni habari gani ya sasa ambayo mizizi yake iko mbali kuliko tunavyoambiwa. Mie niko Mombasa kwa hivyo jibu langu mshalijua, ni maskwota, watu wanaoishi kwenye ardhi ambayo hati yake si yao. Kila mara ni yale yale, tingatinga limeingia Kisauni ama Likoni, kina mama wamekaa juu ya magodoro nje, mheshimiwa kafika kachelewa, halafu mtangazaji atwambia ati mzozo ulianza baada ya oda ya korti. Oda gani jamani, mambo haya yana zaidi ya miaka mia!

1895 Sultani wa Zanzibar aliwaachia Waingereza ule ukanda wa pwani wa maili kumi wauendeshe, wao wamlipe kila mwaka (bendera yake ikabaki yapepea Fort Jesus mpaka 1963, vijana wengi hawajui). 1907 utumwa ukafutwa, na 1908 ndio ikaja ile sheria ya hati, mwenye kudai shamba aje aandikishe, lisilo na mdai ni la serikali ya mkoloni. Sasa hapo nani ana makaratasi na nani aijua njia ya ofisi? Familia kubwa za Kiarabu, Waswahili wenye nafasi, na wafanyibiashara wa Kihindi walionunua. Mmijikenda, mwenyeji wa huku Pwani, ardhi yake ni ya ukoo, mpaka ni mbuyu na makaburi ya wazee, hakuna cha kuandikisha. Yule alotoka utumwani juzi alima pale pale alipokuwa, lakini kwenye kitabu hayumo. Na msidhani ni wao tu, hata Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa hapa mjini, walipodai ardhi kwa jina la taifa walikataliwa.

Lakini mie naona kosa kubwa ni la Oktoba 1963, na hili halisemwi. Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walikubaliana Pwani iingie Kenya, na katika ahadi alizotoa Kenyatta, pamoja na ya kulinda korti za kadhi, ni kwamba hati za ardhi zilizosajiliwa zitatambuliwa. Yaani karatasi za 1908 zikavuka uhuru salama salimini. Miezi mitatu baadaye Sultani kapinduliwa kwake Zanzibar, hati huku ziko vile vile.

Matokeo yake ni haya twaishi nayo. Mtaa wa Majengo hapa Mombasa kuna nyumba bila ardhi, nyumba ni yako, waweza kuiuza, waweza kurithisha, lakini kila mwezi yuwaja mtu wa landlodi na kitabu cha risiti wamlipa kodi ya kiwanja. Ukitaka kumwaga zege upandishe gorofa waambiwa la, kwa sababu ukijenga cha kudumu utadai. Huko mashambani mnazi una mwenyewe na mchanga ulio chini yake una mwenyewe mwengine.

Serikali nayo ikilemewa hununua. Shamba la Waitiki kule Likoni, lililokuwa limejaa maskwota, lilinunuliwa, mwanzoni mwa 2016 watu wakapewa hati mbele ya kamera, na walipoambiwa kuna pesa ya kulipia kelele zikaanza upya. Mie siwalaumu.

Waandishi wakienda tena kupiga picha za tingatinga, waulize pia hati ya shamba hilo ilitolewa mwaka gani, na aliyeidai alikuwa nani.