Kadi ya Grafiki ya Zamani au Mpya? Fungua Kwanza Kasha la Kompyuta Yako

Kijana mmoja wa Mbarara, anayehariri video za kuhingira (sherehe ya kumuaga bibi harusi huko Ankole) mchana na kucheza gemu usiku, ameniandikia: "Kaka, GTX 1080 Ti ya mtumba na RTX 3060, ipi kali?" Mwishoni kabisa akataja kompyuta yake: Dell OptiPlex 9020 ya mnara, prosesa i5-4590. Ndugu yangu, hilo ulilolitaja mwishoni ndilo lenye jibu. Lakini tuanze na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, maana wengi mnauliza hivyohivyo.

Takwimu za kwenye boksi hupotosha pale vizazi vinapotofautiana. Chukua RTX 2060 ya Januari 2019: koa (vitengo vya hesabu) 1,920, teraflopsi (trilioni za hesabu kwa sekunde) 6.5. RTX 3060 ya Februari 2021: koa 3,584, teraflopsi 12.7. Kwa hesabu hiyo, kadi ya pili ingekuwa na kasi karibu mara mbili, lakini kwenye gemu huongeza takriban moja ya tano tu. Sababu ni muundo. Ndani ya 2060, hesabu za desimali na hesabu za namba kamili zina sehemu tofauti za kufanyia kazi. Ndani ya 3060, nusu ya koa hufanya zote mbili kwa zamu: gemu ikileta namba kamili, koa hizo huacha desimali. Isitoshe, kasi ya kumbukumbu ilipanda kidogo mno, kutoka gigabaiti 336 kwa sekunde hadi 360. Kwa hiyo anayekuuzia kadi kwa teraflopsi, mwache amalize, kisha muulize kasi ya kumbukumbu.

Sasa hiyo 1080 Ti. Ilitoka Machi 2017, ina koa 3,584 vilevile, na kumbukumbu yake ya GB 11 inapitisha gigabaiti 484 kwa sekunde. 3060 ina GB 12. Kwenye gemu za miaka ile kadi hizi mbili zinakabana koo. Zinapoachana ni kwenye umeme: wati 250 dhidi ya 170. Ukicheza saa 4 kila siku kwa mzigo kamili, pengo hilo la wati 80 ni uniti 9.6 za Yaka (umeme wa kulipia kabla wa Uganda) kwa mwezi wa siku 30.

Halafu kuna vitu ambavyo nguvu haiviokoi. 1080 Ti haina vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na gemu kama Doom: The Dark Ages ya 2025 inavidai kabla ya kuanza. Haina DLSS, mbinu ya Nvidia ya kukuza picha kwa akili bandia ili fremu ziongezeke. Nvidia ilitangaza kwamba draiva (programu za kuendeshea kadi) za gemu mpya kwa kizazi chake zingekoma Oktoba 2025, na baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Upande wa AMD, mshindani wa Nvidia, hali ni kali zaidi kwa wanaotumia Blender (programu ya picha za 3D): toleo 3.0 la mwaka 2021 liliondoa OpenCL, njia ya kuipa kadi hesabu, na RX 580 ikabaki haiwezi kurenda (kutoa picha ya mwisho) kwa Cycles, injini ya Blender, hata kama ina GB 8.

Msidhani basi kila kipya ni bora. RX 6500 XT ya 2022 ina GB 4 na njia 4 tu za PCIe, kiunganishi cha kadi na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Ichomeke kwenye mazabodi ya PCIe 3.0, kama zilivyo nyingi za mtumba tunazouziwa Kampala, njia hizo hubaki na takriban gigabaiti 4 kwa sekunde. Kumbukumbu ikijaa, picha inaanza kukwamakwama, na RX 580 ya 2017 inaweza kuipita.

Turudi kwenye OptiPlex. Pawasaplai yake ni ya wati 290 na haina waya wa kulisha kadi. 1080 Ti inataka plagi mbili, ya pini 6 na ya pini 8, na pawasaplai ya wati 600. 3060 inataka wati 550. Huwezi kubadilisha pawasaplai hivihivi, kwa sababu mazabodi hii inapokea plagi ya pini 8 badala ya ile ya kawaida ya pini 24, hivyo utahitaji adapta. Na jamani, ile adapta ya bei rahisi inayotoa umeme kwenye plagi ya SATA (ile ya diski) na kuupeleka kwenye pini 8, iacheni dukani. Plagi ya SATA imekadiriwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, na pini 8 zinaruhusu kadi kuvuta hadi 150. Plastiki inayeyuka.

Hata umeme ukitosha, prosesa yenye koa 4 itazibana kadi zote mbili. Pima: washa MSI Afterburner (programu inayoonyesha fremu kwa sekunde), cheza sehemu ileile ya gemu kwa ukubwa wa picha wa 1080p, kisha shusha hadi 720p. Fremu zisipopanda, kinachobana ni prosesa, na kadi mpya haitakuongezea kitu. Rudia mara tatu, utupe matokeo ya mara ya kwanza kwa sababu gemu huwa bado linapakia, na uangalie fremu za chini kabisa pamoja na wastani.

Kwa mashine hiyo ningechukua RTX 3050 ya GB 6: inakula wati 70 kutoka kwenye mazabodi yenyewe na haihitaji plagi. Soma boksi vizuri, kwa sababu kuna 3050 ya GB 8 inayokula wati 130 na kudai plagi. Jina ni moja. Kwa video zako itasaidia kuandaa video za miundo ya H.264 na HEVC. Kama kamera yako inarekodi 4:2:2 ya biti 10 (muundo unaohifadhi rangi nyingi zaidi), hiyo 3050, 3060 na 1080 Ti zote hazitaifungua kwa vifaa vyake, kwa hiyo tengeneza nakala nyepesi za kuhariria.

Ukiamua mtumba, nenda na GPU-Z (programu ya kutambua kadi) kwenye flashi. Jina likitanguliwa na neno FAKE, ondoka. 1050 Ti yenye tundu la VGA itilie shaka, maana chipu yake, ya kizazi cha Pascal, haitoi VGA. Kisha endesha FurMark (programu ya kuitwisha kadi mzigo kamili) dakika 15. Vidoti vya rangi kwenye skrini ni kumbukumbu inayokufa. Joto likipanda bila kutulia huku feni zikinguruma, huenda ni pesti ya kupitisha joto iliyokauka na vumbi letu jekundu. Hiyo inatengenezeka, ila ukibadilisha pedi za kupitisha joto za kumbukumbu weka unene uleule wa zamani. Pedi nene mno huinua kipoza joto, chipu isiguswe, na kadi itaunguza zaidi ya ulivyoikuta.