Akisema amechoka, muwe mmeshajua pa kumpeleka

Wiki hii mmeuliza mtu aliyezidiwa na pombe ni nini hasa kinamfanya akubali kutafuta msaada. Mimi naongea kama dada mtu. Tuko Moshi, mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, kanywa miaka mingi na ile mitano ya mwisho ilikuwa ya kutisha, na jibu langu ni kwamba kukubali wanakubali, tena zaidi ya mara moja, ila wakikubali wanatukuta sisi hatujajiandaa na ile hali haikai, ni masaa tu.

Mara ya kwanza ilikuwa 2019. Asubuhi mapema kabla hajaenda kuzimua alinikuta nafagia uwanja, akasimama pale mikono inatetemeka akasema "dada nimechoka". Basi. Mimi nikalia kwa furaha nikamwambia pole mdogo wangu, ngoja Jumapili tuwaite wakubwa tukae kikao. Hiyo siku ilikuwa Jumanne jamani! Saa nne asubuhi alikuwa ameshapata chake, na hiyo Jumapili tulijaa sebuleni watu 11, baba mdogo anagomba, shangazi analia, kila mmoja anamwambia anavyoitia familia aibu, yeye kainamisha kichwa tu na jioni akatoka hakurudi mpaka siku ya tatu. Baadae sana ndo aliniambia, "dada nilikuja kwako peke yako, ukaniitia mahakama". Hilo neno linaniuma mpaka leo.

2021 akasema tena, na safari hii hatukuita kikao ila tulifanya kosa baya zaidi, na hapa naomba msomaji asiruke. Tulimfungia ndani. Tukampa uji, maji na ndoo, tukafunga mlango kwa nje, coz wote tuliamini mwanaume akiamua anaacha. Usiku wa siku ya pili tukasikia kishindo, kaanguka kama mwenye kifafa, macho yamegeuka na povu mdomoni. Tulimpakia bodaboda katikati ya watu wawili, na tulipofika hospitali mtu wa mapokezi akatuambia huyu ni mlevi tu, mngemwacha alale. Mungu alisaidia akapita daktari akamwona.

Yule daktari ndo alinielewesha kitu ambacho sikuwahi kukisikia kanisani wala kwenye kikao chochote, kwamba mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka ukiikatisha ghafla unapata arosto na arosto ya pombe inaweza kuua. Kutetemeka na jasho vinaanza ndani ya masaa machache, kifafa mara nyingi kinakuja ndani ya siku 2 za mwanzo, na baada ya hapo wengine wanachanganyikiwa, wanaona wadudu ukutani, homa na moyo unaenda mbio, hapo ndo wengi wanapotea. Anatakiwa apewe dawa za kutuliza kama diazepamu chini ya uangalizi halafu zipunguzwe taratibu, pamoja na vitamini B1 maana wanywaji wa muda mrefu wanaishiwa nayo na ubongo unaharibika. Siongelei mtu wa bia mbili za Jumamosi, naongelea yule anayeamka anatetemeka mpaka apate kwanza. Huyo msimfungie ndani nawaomba sana.

Akatoka baada ya siku 4, mwili safi, na hakuna aliyetuambia aende wapi baada ya hapo. Wiki 2 akarudi kilabuni. Watu wakasema mnaona, hataki. Na mimi nilikubali hivyo hivyo kwa muda, nilishachoka. Hata huko nyuma viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilijua tumepona, maana yeye kiroba ndo kilikuwa chai yake ya asubuhi, lakini kwake ilibadilika chombo tu, akahamia chupa ndogo, zikikosekana gongo.

Kilichobadilisha mambo ni 2023 alipoanguka na pikipiki akavunjika mfupa wa bega. Pale hospitali alikuja nesi mmoja kijana, akavuta stuli akakaa, akamuuliza yale maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani kuhusu pombe, taratibu kabisa kama anauliza habari za mvua. Unakunywa mara ngapi, kuna siku umeshindwa kukumbuka ya jana yake, kuna asubuhi umehitaji kunywa kwanza ndo uweze kuamka. Mdogo wangu akajibu yote kwa ukweli! Mimi nimesimama pembeni nasikia vitu ambavyo sijawahi kuvisikia miaka yote ile, kwa sababu sisi tulikuwa hatumuulizi, tulikuwa tunamwambia. Maksi za juu ni 40 yeye akapata 31, nesi hakushtuka wala kumlaumu, akamuuliza tu wewe mwenyewe ungependa nini. Akasema "nimechoka". Nilikuja kujua baadae kwamba hapa hapa Moshi pale hospitali ya KCMC walifanyia utafiti mpango wa namna hii kwa majeruhi, unaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, mhudumu anaongea na mgonjwa kwa muda mfupi wakati yuko hapo na jeraha lake. Ina maana kubwa kwangu, maana mtu akiwa kalala na kidonda hajajifunika bado.

Na safari hiyo nilikuwa tayari. Nilishauliza kliniki ya afya ya akili ni siku gani, bima inalipa nini, na nilikuwa na shilingi 60,000 kwenye kopo la kahawa ambazo hata mume wangu hakuzijua. Tulienda siku hiyo hiyo. Mama aliniomba tusipite getini kwa miguu, watu watasema ni wodi ya vichaa, nikamwambia mama waseme.

Huko akakutana na mzee mmoja seremala aliyeacha pombe miaka 11 iliyopita, na nadhani huyo kamsaidia kupita dawa zote. Vile vikundi vya AA, vya walevi wanaosaidiana kuacha, vilivyoanzia Akron, Marekani mwaka 1935 vilianza hivi hivi, mlevi mmoja dalali wa hisa kamtafuta mlevi mwenzake daktari wakaongea.

Sasa Desemba mnaijua kwetu. Wachaga wote wanarudi, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, na kuikataa mbele ya wazee ni kama umemkataa aliyekupa. Baba mdogo yule yule wa kikao alisimama akasema huyu ana dawa za daktari, kata impite, mpeni soda. Nilimheshimu sana siku ile. Lakini Februari mdogo wangu alidondoka, siku 3 alikunywa, ya nne alinipigia mwenyewe saa kumi na moja alfajiri. Sikumuuliza kwa nini. Nikachukua kopo langu tukaenda.

Toka hapo ni mwaka na miezi 7. Juzi usiku wa manane mke wa jirani kamgongea, mume wake alikuwa amekaa kitandani anasema lile neno. Mdogo wangu kavaa koti, kaenda akakaa naye mpaka kulipokucha, ila hawakungoja hata chai, saa moja kamili walikuwa stendi.