Mkanda wa inchi 154 au 165 kwa pikipiki ya theluji ya mlimani?

Ndugu, umeuliza uchukue mkanda (ule unaozunguka chini na kuisukuma mashine) wa urefu wa inchi 154 au 165. Achana na injini kwanza, jiulize unapenda kufanya nini huko juu. Kama raha yako ni kuruka, kuilaza mashine ubavu na kukata kona kati ya miti, chukua 154, hata 146. Inageuka upesi na pua inainuka ukiongeza mafuta kidogo tu. Ila kama kazi yako ni kupanda miinuko mikali yenye theluji laini ya kufika kiunoni, 165 itaelea pale ambapo fupi inajichimbia shimo. Polaris, watengenezaji wa mashine hizi, wametenga modeli zao: Khaos ya wachezaji, Pro RMK ya wapandaji.

Na turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi? Injini ya kawaida isiyo nayo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo turbo ina maana ukiendesha juu sana. Kwenye vilima vya chini ni sifa tu.

Ukishindwa kuamua, 154. Na usimalize hela zote kwenye mashine: redio ya kutafutia waliofukiwa na maporomoko, koleo na ufito mrefu wa kudunga theluji ni lazima.