Kilo za Miguuni: Maswali ya Rimu na Tairi za Gari Dogo

Barua nyingi safari hii ni za watu waliobadilisha rimu kisha wakaanza kulaumu injini. Nimetanguliza zilizotaja gari au saizi ya tairi, na nyingine chache zenye swali linalojitosheleza. Moja haikutaja lolote, na nimeijibu kwa sababu wengi huandika vivyo hivyo.

Fundi, salaam. Toyota Vitz yangu ya cc 1000 ilikuja na rimu za chuma za inchi 14, tairi 165/70. Nimefunga aloi (rimu za alumini) za 17, tairi 205/45. Tangu hapo nikitoka Buxton kupanda Daraja la Nyali gari lajikokota, na mlima wa Mazeras ndio kabisa. Nimeambiwa ni plagi, nimebadilisha, hali ni ile ile. – Msomaji, Kisauni

Plagi zako hazikuwa na kosa. Gari limechoshwa na miguu uliyolivisha.

Anza na kimo. Katika 165/70, ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Tairi yako ya zamani ina kipenyo cha milimita 587 hivi, na hii mpya ni 616. Hiyo ni asilimia 5 zaidi, na ni kama mtu amekunyang'anya sehemu ya gia ya kwanza. Kama gari lako ni la CVT (gia ya otomatiki isiyo na ngazi), ukishakimbia gia itajirekebisha usione tofauti kubwa, lakini pale pa kung'oka, ambapo gia imefika mwisho wake wa chini, haina pa kukimbilia. Ndiyo maana unaumia Buxton kwenye foleni, si barabara ya Mtwapa ukiwa umeshika mwendo. Jua pia kwamba mshale wa spidi sasa wakudanganya: kama zamani ulisema kweli, ukisoma 80 sasa unakwenda 84 hivi.

Kisha uzito. Rimu ya chuma ya 14 pamoja na tairi yake nyembamba huwa kilo 13 au 14. Aloi ya bei nafuu ya 17 na tairi pana hufika 18 au 19. Kwa miguu minne umeongeza kilo 20 hivi. Ukitia kilo 20 za mchele kwenye buti, injini ina kazi moja tu, kuzisukuma mbele. Zikiwa kwenye gurudumu ina kazi mbili, kuzisukuma na kuzizungusha, na unapokanyaga breki kazi hizo mbili huwa za pedi. Kilo iliyo ukingoni kabisa mwa tairi huhesabika karibu mara mbili. Ukichanganya rimu na tairi ni kama mara moja na nusu. Kwa hiyo umebeba kama kilo 30 kila unapong'oka. Kwa injini ya silinda tatu yenye nguvu za farasi 70 hivi, tena AC ikiwa wazi kwenye joto letu, hilo si dogo.

Wapo wanaodai kilo moja ya gurudumu ni sawa na kilo kumi za ndani ya gari. Si kweli, msiwaamini. Haivuki mbili.

Rudisha 14. Ukitaka aloi kwa ajili ya sura, chukua 15 yenye tairi 185/55: kipenyo chake ni milimita 584 au 585, karibu sawa na ile iliyotoka kiwandani.

Je, aloi zote ni nyepesi kuliko chuma? Ndivyo nilivyoambiwa dukani. – Msomaji, Bamburi

La. Alumini yenyewe ni nyepesi, uzito wake ni kama theluthi ya chuma, lakini rimu ya kumiminwa hutengenezwa nene ili isipasuke, na ukipanda inchi mbili faida yote imekwisha. Rimu nyepesi kweli ni zile za kufuliwa kwa mgandamizo, nazo bei yake utaijua ukiulizia. Nenda dukani na mizani ya kujipimia uzito. Simama juu yake ukiwa mikono mitupu, kisha ukiwa umebeba rimu, utoe tofauti. Muuzaji akikukatalia kupima, ondoka. Watu wetu hukagua rangi, hukagua mng'aro, hubishana bei saa nzima, na kilo hakuna anayeuliza.

Angalia pia herufi JWL na VIA zilizochorwa kwenye rimu. Ni alama za Japani za kupimwa nguvu. Alama huweza kuigwa, kwa hiyo kuwepo kwake si dhamana kamili, lakini rimu isiyo na alama yoyote mimi siifungi kwenye gari la mtu.

Rimu gani nzuri? – Msomaji, hakutaja mtaa

Ya gari gani? Saizi gani? Wabeba nini, wapita wapi? Soma kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kisha uandike tena.

Nafanya teksi ya simu na Demio, kutwa niko kati ya Nyali na uwanja wa ndege. Nikinunua rimu nyepesi nitaokoa mafuta? – Msomaji, Changamwe

Utaokoa kidogo sana, na pesa ya rimu hutairudisha leo wala kesho. Weka upepo sawa kwanza. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo chako mwenyewe. Tairi iliyolegea hunywa mafuta kuliko kilo mbili tatu za rimu.

Na kabla hujaacha kusoma: kagua ubavu wa tairi zako. Baadhi ya magari hushushwa hapa bandarini yakiwa bado na tairi za theluji za Japani, zilizoandikwa STUDLESS. Mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi. Kwenye lami ya Mombasa huisha haraka, breki yake hurefuka, na kwenye kona gari huyumba. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Unabeba watoto wa watu. Tairi ya zamani yenye kashata (meno) nzuri bado ni tairi ya zamani.

Nitoe stepni ili gari liwe jepesi? – Msomaji, Mtwapa

Usithubutu.

Rimu nilizoinunulia Vitz yangu zimeingia sawasawa tundu zote nne, lakini kuanzia 80 usukani watetemeka. Balansi nimefanya mara tatu. – Msomaji, Tudor

Tatizo ni tundu la katikati. Kitovu cha Toyota ndogo ni milimita 54.1, na rimu nyingi za dukani hutobolewa 67 au 73 ili ziingie magari mengi. Ile nafasi huzibwa kwa ringi. Bila ringi gurudumu hushikwa na nati peke yake na hukaa upande kidogo. Mashine ya balansi hailioni kosa hilo, kwa sababu yenyewe huishika rimu katikati barabara. Nunua ringi nne za kipimo chako, na uhakikishe nati ni za rimu hiyo, si zile za chuma ulizovua. Kaza tena baada ya kilomita 50.

Aloi ya 16 yenye tairi 195/45 imepasuka kwa ndani baada ya shimo. Fundi asema atachomelea, hakuna neno. – Msomaji, Likoni

Lipo neno. Tairi ya 45 ina ubavu wa milimita 88 tu, ile ya 165/70, kama ya Vitz ya barua ya kwanza, ina 115. Upungufu huo ndio uliokuwa mto wako. Gurudumu likiwa zito, springi nayo huchelewa kulirudisha chini, kwa hiyo kila shimo la barabara zetu hupigwa na rimu yenyewe.

Joto la kuchomelea huilegeza alumini pembeni mwa mshono, na ufa hurudi hapo hapo. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa rimu iliyochomelewa ikafunikwa kwa rangi. Ilinimwagia upepo wote karibu na Mariakani usiku, familia ikiwa ndani, malori yakitupita. Tangu siku hiyo kila rimu ya mtumba naikwangua rangi upande wa ndani kabla sijalipa.

Usiichomelee. Ipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na uivunje kwa nyundo kwanza, isije ikapakwa rangi ikauzwa kwa mwenzako.